Njaga, akidi na gunia la kielelezo: vita vya Uganda dhidi ya bangi vinakwama wapi?

Walioiangusha sheria kuu ya dawa za kulevya ya Uganda hawakuwa wavuta bangi. Walikuwa wakulima na wachuuzi wa mirungi wa Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, waliokwenda Mahakama ya Katiba mwaka 2017 kulalamika kwamba mmea wao umetiwa kapu moja na kokeini na heroini. Tarehe 5 Mei 2023 mahakama ikatoa hukumu, na kilichoiangusha sheria hakikuwa mirungi. Ni hesabu. Bunge lilipoipitisha sheria hiyo Novemba 2014, hakuna aliyehakikisha kwamba akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kura iwe halali, imetimia. Vichwa havikuhesabiwa. Sheria nzima ikafutwa, na vifungu vyote vya bangi vikaenda nayo.

Kinachonishangaza hadi leo ni ile tarehe ya 2014. Miezi mitatu tu kabla ya kura hiyo, mwanzoni mwa Agosti, Mahakama ya Katiba hiyohiyo ilikuwa imeifuta sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja kwa kosa hilohilo. Habari ilijaa magazetini, ikajadiliwa redioni mpaka watu wakachoka. Kisha Bunge likaketi, likapitisha sheria ya kumfunga mtu miaka mingi kwa gunia la bangi, na mambo yakawa yaleyale.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ukisikia watu wakibishana juu ya bangi nchini Uganda, ubishi huwa ni wa ncha mbili: adhabu iwe kali zaidi, au mmea uhalalishwe. Mimi naona tatizo liko katikati. Kati ya kura na sheria, kati ya shamba na soko, kati ya pingu na hukumu, kuna kazi ndogondogo zisizopigwa picha, na hapo ndipo juhudi za serikali zinapozama.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Kiswahili kinasema bangi, neno lililotufikia kwa jahazi kutoka Bara Hindi. Luganda inasema njaga. Na kwa kuwa kambi za polisi na jeshi za Uganda zimekuwa zikizungumza Kiswahili tangu enzi za mkoloni, mzigo uleule hukamatwa shambani ukiitwa njaga na kufika kituoni ukiwa bangi. Biashara yenyewe ina jina lake la zamani pia: magendo. Wazee waliouona utawala wa Amin hawahitaji kufafanuliwa neno hilo, maana miaka ile hata sukari na sabuni vilikuwa vya magendo.

Sasa sheria. Kabla ya ile iliyofutwa kulikuwa na Sheria ya Sera ya Taifa na Mamlaka ya Dawa ya mwaka 1993. Hiyo kimsingi ni sheria ya maduka ya dawa. Ndiyo iliyoizaa mamlaka inayokagua famasi na kuzuia vidonge bandia. Ndani yake mna vifungu vichache vya dawa za kulevya, na kimoja kinakataza kulima mmea unaotoa dawa hizo bila idhini ya maandishi ya waziri. Yashike maneno hayo, idhini ya maandishi, tutayarudia. Polisi hawakuipenda sheria hiyo kwa sababu adhabu zake zilikuwa nyepesi. Mlanguzi aliweza kulipa faini asubuhi na jioni akarudi kazini.

Sheria ya 2014, iliyoanza kutumika 2016, ilikuja kuziba pengo hilo. Ilipofutwa 2023, polisi na waendesha mashtaka walirudi kwenye ile ya 1993, na kila kesi iliyokuwa mahakamani ikabaki na swali juu yake. Agosti mwaka huohuo Bunge likaupitisha mswada upya, na Rais baadaye akautia saini. Bangi imo. Mirungi nayo imo; wakulima wa Wakiso walishinda kesi, lakini mmea wao ukarudishwa kwenye orodha. Kulima, kumiliki, kuvuta, kuuza, kusafirisha, hata kuacha nyumba au ardhi yako itumiwe kwa kazi hiyo, yote ni makosa. Faini zinahesabiwa kwa pointi, kila pointi moja ikiwa ni shilingi 20,000, na pointi zenyewe huenda mamia. Kwa mlanguzi, kifungo kinaweza kufika cha maisha. Mali iliyotokana na biashara inaweza kutaifishwa.

Kwa hiyo karatasi ipo, na ni kali. Tushuke shambani.

Njaga hailimwi msituni peke yake kama watu wanavyodhani. Butambala na Mpigi, upande wa magharibi wa Kampala, zimetajwa kwa miaka mingi, na huku mashariki kuna miteremko ya Mlima Elgon na vijiji vya kuelekea Busia. Mtindo wake ni rahisi. Mistari ya nje ni mahindi au mihogo, ya ndani ni njaga. Ukipita barabarani kwa boda boda unaona mahindi ya mtu aliyejitahidi. Ukiingia hatua kumi, majani yanabadilika.

Muulize mkulima kwa nini, naye atakupigia hesabu ambayo ofisa wa kilimo hapendi kuisikia. Mche wa kahawa unataka karibu miaka mitatu kabla haujakulipa vizuri. Njaga inakomaa ndani ya miezi michache. Mahindi nayo hukomaa upesi, lakini siku ya kuvuna kila jirani amevuna, bei imeanguka, na ni wewe unayehangaika kutafuta gari na mnunuzi. Mnunuzi wa njaga anakuja mwenyewe usiku, na pesa taslimu mkononi, anafunga mwenyewe, anabeba mwenyewe. Mtu mwenye watoto watatu shuleni na muhula unaoanza Februari haoni hapo suala la maadili. Anaona ada.

Simsifu. Huyu ni mtu anayejua vizuri anachokilima. Nataka tu ieleweke kwamba serikali inapomfikia, inamfikia na panga. Operesheni huwa hivi: taarifa inatoka kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, au jirani mwenye kinyongo, gari linakuja alfajiri, askari wanafyeka, wanakusanya, wanapiga picha, wanachoma. Anayekamatwa ni aliyekutwa nyumbani. Mwenye ardhi anasema alikodisha, aliyekodi hayupo, mnunuzi hakuwahi kuwa na jina. Mmea uliokomaa unapofyekwa mbegu zinamwagika, na mvua za Machi zikishuka miche huchomoza palepale bila kupandwa na mtu. Nimewahi kuonyeshwa kipande cha namna hiyo na mzee mmoja wa Busia. Alicheka akasema, "Mwanangu, afande ametulimia."

Hapa ndipo katikati ya pili ilipo, baada ya ile ya kura na sheria: kati ya shamba na soko. Mnunuzi yule wa usiku ndiye mwenye biashara, lakini ndiye adimu zaidi kizimbani. Sehemu ya njaga ya Uganda inavutwa humuhumu nchini, Kampala na miji mingine, lakini soko lenye pesa ni Kenya. Busia na Malaba ndiyo milango. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 ili malori yakaguliwe mara moja tu na kupita upesi. Kimesaidia sana biashara halali. Magendo hayapiti hapo. Yanapita kwenye njia za panya, kati ya nyumba na nyumba, mahali ambapo jikoni kwa mtu ni Uganda na chooni ni Kenya. Mzigo unavushwa kidogokidogo kwa baiskeli, kwa boda boda, kwa kichwa cha mama mwenye kikapu cha nyanya, kisha unakusanywa upande wa pili. Kila kizuizi unachokivuka kinauongezea bei, kwa sababu anayeuvusha anauza pia hatari aliyoibeba. Ndiyo maana ukali wa mpaka peke yake hauui biashara. Unampandishia mshahara mchukuzi.

Kenya ina sheria yake ya 1994, kali vilevile. Tanzania iliandika mpya 2015 na kuunda mamlaka maalumu ya kudhibiti dawa za kulevya, yenye nguvu za kukamata na kuchunguza yenyewe. Uganda kazi hiyo inafanywa na idara ndani ya polisi, ikigawana magari na mafuta na idara nyingine zote. Na kijana anayekamatwa upande wa Kenya na bangi ya Uganda anashtakiwa huko kama mtu wa mwisho wa mnyororo. Jina la aliyemtuma linabaki upande wa huku.

Njia iliyobaki ya kumfikia mnunuzi ni kuifuata pesa. Vyombo vipo: sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ni ya 2013, na mamlaka ya intelijensia ya fedha ilianza kazi mwaka uliofuata. Uganda ilikaa kwenye orodha ya kijivu ya kikosi kazi cha kimataifa cha fedha, yaani ya nchi zenye udhibiti dhaifu wa fedha haramu, tangu Februari 2020 hadi Februari 2024, na ili kutoka humo ilibidi kukaza masharti ya benki, mawakili, wauza majumba. Yote mazuri. Lakini pesa ya njaga haianzii benki. Inaanzia mfukoni mwa koti, inapita kwenye simu kwa viwango vidogo visivyoshtua mtu, na inaishia kwenye lori la pili, duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ya kupangisha. Kuifuata kunataka mpelelezi anayejua hesabu na mwenye miezi sita ya kukaa na faili moja. Kufyeka shamba kunataka asubuhi moja. Ungekuwa mkuu wa polisi wa wilaya unayedaiwa takwimu mwisho wa mwaka, ungechagua nini?

Katikati ya tatu ni kati ya pingu na hukumu. Niliwahi kukaa siku nzima katika mahakama moja ya hakimu, mji sitautaja. Kijana aliyekuwa kizimbani alikuwa wa miaka ishirini hivi, shati limefungwa vibaya, kifungo kimoja kimeruka. Kielelezo kilikuwa gunia. Askari aliliburuta hadi mbele, akalifungua, na harufu ikajaa chumba mpaka karani akanyanyuka kwenda dirishani. Karatasi iliyogandishwa juu yake ilisema kilo 9. Wakili wa kijana, bwana mmoja mwembamba asiye na haraka, aliomba lipimwe. Mzani ukaletwa kutoka duka la jirani. Halikufika hata kilo 6.

"Afande, kilo tatu zimekwenda wapi?"

"Mheshimiwa, zimekauka."

Watu walicheka, lakini yawezekana kabisa afande alisema kweli. Njaga inayokamatwa mbichi hupoteza uzito mwingi ikikauka, na gunia lile lilikuwa stoo miezi mingi. Yawezekana pia kwamba kilo mbili zilikauka na moja ikatembea. Hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu siku ya kukamata hapakuandikwa kama ilikuwa mbichi au kavu, na gunia halikufungwa kwa lakiri. Jambo la nusu dakika.

Kisha hakimu akauliza ripoti ya mkemia. Ili mtu atiwe hatiani haitoshi askari kusema anaijua bangi kwa harufu. Mtaalamu lazima athibitishe kwamba majani yale ndiyo mmea uliotajwa na sheria. Sampuli hupelekwa Maabara ya Serikali iliyoko Wandegeya, Kampala, ambayo inahudumia pia kesi za sumu, za vinasaba, za vyakula na maji. Kijana wa Busia au Arua anasubiri foleni moja na mauaji yote ya nchi. Ripoti ilikuwa haijarudi. Kesi ikaahirishwa.

Katiba inasema mtu aliye rumande kwa kosa ambalo mahakama ya chini inaweza kulisikiliza aachiwe kwa dhamana zikipita siku 60 kabla kesi haijaanza. Kwenye karatasi. Dhamana inataka wadhamini wenye vitambulisho na barua ya LC, na mtoto wa mtu asiye na nauli ya kuleta wadhamini hukaa. Magereza ya Uganda yanabeba zaidi ya mara tatu ya watu yaliyojengewa, na sehemu kubwa yao bado hawajahukumiwa. Kijana wa msokoto analala ubavu kwa ubavu na mwizi wa kutumia silaha. Mwenye gunia hayupo pale.

Mshtakiwa mwenye wakili mzuri anaitumia mianya hii akatoka. Asiye na wakili anakiri kosa siku ya kwanza, kwa sababu ameambiwa ukikiri utapunguziwa. Takwimu zikichapishwa, watu wa aina hii ya pili ndio wanaofanya vita vionekane vinashindwa na wahalifu au vinashinda, kutegemea anayezisoma.

Turudi sasa kwenye idhini ya maandishi. Wakati askari wanafyeka Butambala, kule Hima, wilaya ya Kasese, chini ya Milima ya Rwenzori, kampuni yenye wabia wa Israeli ililima bangi ya dawa kwa ruhusa ya serikali, ndani ya uzio, ili iuzwe nje. Hapana uvunjaji wa sheria hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao ndio baba wa sheria zote hizi, haujawahi kukataza bangi ya tiba na utafiti, ilimradi serikali iidhibiti. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika ilikwenda mbele kidogo: kwa kura 27 dhidi ya 25 iliiondoa bangi kwenye kundi la dawa hatari zaidi zisizo na faida ya tiba, huku ikiiacha kwenye orodha ya zinazodhibitiwa. Watu wengi wa mitandaoni waliipokea habari hiyo kana kwamba bangi imeruhusiwa. Haikuruhusiwa.

Habari za Kasese zilipoenea, kampuni nyingine nyingi ziliomba leseni, wakulima wadogo wakaanza kuulizana kama nao watapata, na Baraza la Mawaziri likakaa na jambo hilo muda mrefu. Masharti yaliyojadiliwa yalikuwa ya watu wenye mtaji wa mamilioni ya dola. Nayaelewa: mmea wa dawa unataka uzio, kamera, mbegu inayojulikana, maabara, mnunuzi aliyesajiliwa. Lakini ukiwa na robo eka ya kibanja huko Mpigi, unachokielewa wewe ni kwamba mmea wako ni dhambi na wa yule mwenye uzio ni maendeleo.

Uganda imeshapita hapa. Miaka ya 1960 sheria ya enguli iliweka kwamba anayepika pombe ya kienyeji awe na leseni na aiuze kwa kiwanda kilichoruhusiwa, kiisafishe na kuitia chupa. Kiwanda kikapata jina, chupa ikapata lebo, na waragi ya chupa ikawa fahari ya taifa. Mama mpishi wa kijijini hakuwa na leseni, akaendelea kupika kwenye pipa kando ya mto. Miaka zaidi ya hamsini baadaye anapika bado. Pombe yake ina majina ya miji, kasese na lira lira, na askari wanaotumwa kumwaga mapipa baadhi yao wamesomeshwa na mapipa hayo. Sheria ile iliwapa wenye viwanda mlango halali, ikawaacha wadogo hawana mlango wowote, na soko la magendo halikufa. Sioni kwa nini njaga ingekuwa tofauti.

Upande wa afya nitaupitia upesi, si kwa kuudharau bali kwa kuwa serikali nayo huupitia upesi. Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili, ina kitengo cha ulevi na dawa za kulevya, na wazazi wanatoka mbali kuleta vijana. Bangi si sukari guru. Kijana anayeanza kuivuta akiwa na miaka kumi na mitatu anajiweka katika hatari ya kweli ya akili kuvurugika, hasa kama ukoo una ugonjwa huo. Vituo binafsi vya kurekebisha tabia vipo, bei yake si ya mwenye boda boda. Sheria inataja matibabu na urekebishaji wa waraibu. Nje ya Kampala, mzazi anayeuliza atibiwe wapi mara nyingi anaelekezwa kanisani, msikitini, au kituo cha polisi akamshtaki mwanawe mwenyewe ili "akapoe" kidogo rumande.

Mwezi mmoja baada ya siku ile nilirudi kwenye ile mahakama kwa shughuli nyingine. Nilimuuliza karani habari za kesi ya gunia. Alifungua daftari, akapitisha kidole mstari hadi mstari.

"Imeahirishwa tena. Ripoti imerudi, inasema ni bangi."

"Basi mbona haiendelei?"

"Afande aliyemkamata amehamishiwa Karamoja," akasema, akafunga daftari.